Koo Alilotaka Kulitua

Nembo ya kwanza ya Death, bendi ya Florida, Marekani, iliyopiga dethi metali, yaani muziki wa magitaa makali unaoimbwa kwa kunguruma, ilichorwa na kijana aliyependa sinema za kutisha, na mkono wake unaonekana. Herufi T ni msalaba uliopinduliwa, pembeni kuna utando wa buibui, na wino unachuruzika kama damu. Ifuate nembo hiyo albamu baada ya albamu uone inavyopukutika. Utando unapungua, mistari inanyooka, na miaka ya tisini T inarudi kuwa T kama T nyingine yoyote. Chuck Schuldiner, mwimbaji na mpiga gitaa wa bendi hiyo, aliuondoa msalaba ule kwa kuwa hakutaka kubandikwa dini, wala vita dhidi ya dini, ambayo hakuwa nayo.

Kila nikitaka kumweleza mtu habari za Schuldiner huanzia kwenye nembo hiyo, maana maisha yake yote ya usanii yalikwenda vivyo hivyo. Alijenga kitu angali mtoto, kikakua kikamzidi kimo, naye akatumia miaka iliyobaki kukipunguza. Kitu chenyewe hasa ni sauti. Wapenzi wa muziki huu wakikutana kumjadili huishia kwenye gitaa, kwenye zile nyuzi zinazolia kwa pamoja na mipigo isiyohesabika kwa vidole. Koo lake hutajwa mwishoni, kama kazi aliyoifanya kwa kukosa mtu wa kuifanya. Ni kweli alikosa mtu. Lakini nadhani tumemkosea kwa kuishia hapo, kwa sababu katika waimbaji wote waliotoka Florida miaka ile, yeye ndiye aliyeliuliza koo lake maswali mengi zaidi, na ndiye pekee aliyefikia hatua ya kutaka kulitua.

Alizaliwa tarehe 13 Mei 1967 katika kisiwa cha Long Island, New York, kitinda mimba wa watoto watatu. Mwaka uliofuata familia ikahamia Florida. Alipokuwa na miaka tisa, kaka yake Frank, kijana wa miaka kumi na sita, alikufa katika ajali ya gari, na wazazi wakamnunulia mdogo gitaa ili apate cha kushika. Walimpeleka kwa mwalimu wa gitaa la kawaida akafundishwa nyimbo za chekechea, akachoka, akaacha. Aliokolewa na gitaa la umeme ambalo wazazi wake walilikuta likiuzwa kwenye vitu kuukuu vya nyumba ya watu. Tangu siku hiyo shule haikuwa na nafasi tena. Aliiacha kabla ya kumaliza, na alipokuwa mtu mzima alikiri kwamba alijutia.

Mwaka 1983, akiwa na miaka kumi na sita, yeye na wenzake wawili, Kam Lee na Rick Rozz, walianzisha bendi waliyoiita Mantas. Mwaka mmoja baadaye wakaibadili jina ikawa Death, yaani Mauti. Hapa pana jambo ambalo wapenzi wengi huliruka. Mwimbaji wa mwanzo hakuwa Chuck peke yake. Kam Lee alikuwa akipiga dramu huku akinguruma, na mngurumo wake ulikuwa mzito kuliko wa Chuck. Kam Lee alipoondoka, maikrofoni ilibaki imesimama mbele ya mpiga gitaa, naye akaishika. Hivyo ndivyo sauti inayoitwa mama wa sauti zote za dethi metali ilivyopatikana: kwa kurithishwa na aliyekwenda zake.

Wala hawakuwa peke yao duniani. Upande wa pili wa Marekani, karibu na San Francisco, vijana wa bendi ya Possessed walikwisha kutoa albamu yao ya kwanza mwaka 1985, ikiwa na wimbo unaoitwa kwa jina lile lile la aina hii ya muziki. Mwimbaji wao Jeff Becerra alikuwa bado na umri wa mwanafunzi. Schuldiner aliwapenda Possessed na hakuficha. Ndiyo maana kila alipoitwa baba wa dethi metali alijitoa. Alisema hastahili sifa hiyo, kwamba yeye ni mtu mmoja wa bendi moja, na kwamba bendi yenyewe ni ya metali tu, bila kivumishi. Watu walidhani ni unyenyekevu. Mimi nasikia mtu anayekataa kufungiwa chumbani na sifa zake.

Umaarufu wa kwanza haukupita redioni, ulipita posta. Kijana mmoja anarekodi kaseti, anaituma kwa kijana wa nchi nyingine, yule anainakili na kuwatumia watano zaidi, na kila nakala inazidi kukwaruza kuliko iliyotangulia. Nyimbo za mwanzo za Death zilienea hivyo kati ya 1984 na 1986, na lilipofika suala la kutoa albamu, bendi ilikwisha kujulikana mbali na kwao. Ninashuku hata masikio yetu yalifundishwa na zile kaseti. Sauti iliyonakiliwa mara kumi inapoteza ukingo wake na kuwa giza tupu, na vijana wakapenda giza lile wakaliiga wakidhani ndivyo mtu alivyoimba.

Mwaka 1986, akiwa na miaka kumi na tisa, Schuldiner aliingia studio huko California akiwa na mpiga dramu mmoja tu, Chris Reifert. Gitaa zote alipiga yeye, besi alipiga yeye, na maneno akaimba yeye. Albamu ikatoka 1987 kwa jina Scream Bloody Gore. Maneno yake ni ya maiti wanaofufuka na matumbo yanayomwagika, mambo ambayo kijana wa umri ule huyaona makubwa. Sitaitetea kwa upande huo. Lakini weka sikio kwenye matamshi. Anakwaruza, anakoroma, anapasua hewa, na bado neno linatoka likiwa neno.

Kwa asiyezoea, nieleze kidogo kinachotokea kooni. Mtu akiimba kwa sauti ya kawaida, nyuzi za sauti hukutana na kutetema sawasawa, ndipo tunapata noti. Juu ya nyuzi hizo kuna mikunjo mingine miwili ya nyama laini ambayo kwa kawaida haihusiki na uimbaji, kazi yake ni kusaidia kuziba njia ya hewa. Mngurumaji huileta mikunjo hiyo karibu na kuilazimisha itetemeke. Mtetemo wake ni wa ovyo, haufuati mpangilio, na ndio unaoleta ile sauti ya kukwaruza. Nguvu inatakiwa itoke kwenye kiwambo cha tumbo, si kwa kukaba shingo. Wanaokaba shingo huamka kesho yake bila sauti, na wakiendelea huumia kweli. Mwaka 1986 hakukuwa na mwalimu wa kumfundisha mtu jambo hili. Kila mmoja alijifunza kwa kuliumiza koo lake mwenyewe gerejini.

Sasa ongeza ugumu mwingine. Schuldiner alikuwa anapiga gitaa wakati huo huo. Tangu albamu ya nne, vipande vya gitaa vilikuwa vinabadili hesabu katikati ya sentensi, na mdomo ulipaswa kwenda njia yake huku vidole vinakwenda yao. Ukisikiliza vizuri utagundua aliyapanga maneno yake kwenye mianya, pale gitaa linapovuta pumzi. Silabi inagonga pigo kama fimbo ya dramu. Mwimbaji aliyesimama mikono mitupu hahitaji kufikiri hivyo, na mara nyingi hafikiri.

Mlinganishe na majirani zake. John Tardy wa Obituary, katika albamu yao ya kwanza ya 1989, aliimba sehemu nyingi bila maneno kabisa. Alitoa milio tu, na ikapendeza ajabu, kwa sababu aliligeuza koo kuwa chombo kama vyombo vingine. Chris Barnes wa Cannibal Corpse alishuka chini hadi konsonanti zikazama. Hizo ni njia halali za sanaa hii na zina ladha yake. Schuldiner alikwenda kinyume nazo. Yeye alitaka usikie alichosema, na kwa sababu hiyo alijifunga mwenyewe: anayesikika lazima awe na la kusema.

Hapo ndipo kazi yake inapoanza kunivutia kweli. Leprosy ya 1988, iliyorekodiwa katika studio ya Morrisound mjini Tampa, bado ina magonjwa na mauti, ila mauti yameanza kuwa ya watu. Mna wimbo wa mgonjwa aliyefungwa kwenye mashine hospitalini anayetaka mashine izimwe. Spiritual Healing ya 1990 inamzungumzia mtoto aliyezaliwa na uraibu wa dawa za kulevya alioupata tumboni, na wahubiri wanaowatapeli waumini. Kufikia Human ya 1991 majini na mazimwi yamekwisha kabisa. Amebaki binadamu na unafiki wake. Mwaka 1995, katika Symbolic, anaimba juu ya utoto uliopotea, na juu ya macho elfu moja yanayomchungulia mtu kila aendako. Intaneti ilikuwa bado changa wakati huo.

Na sauti inapanda pamoja na mawazo. Kwenye albamu ya kwanza imelala kifuani. Kwenye Human imefika kooni. Kwenye Symbolic iko baina ya koo na meno, kali, kavu, ina machungu. Kwenye The Sound of Perseverance ya 1998 imepanda hadi karibu na kilio. Waliosema alikuwa anachoka wana hoja kiasi, kwani koo lililotumiwa hivyo miaka kumi na tano haliwezi kubaki lilivyokuwa. Lakini uchovu ungeishusha sauti, ungeifanya nzito na ya kivivu. Hii ilikuwa inapanda. Ni mtu aliyeona kwamba mngurumo wa chini unafaa kwa maiti, na kwamba huwezi kumlalamikia rafiki aliyekusaliti kwa sauti ya mzuka. Kwangu mimi Symbolic ndiyo kilele chake. Ile ya 1998 wakati mwingine huivumilia kuliko kuifurahia, na najua kuna watakaokasirika.

Suala la usaliti halikuwa la kubuni. Mwaka 1990 bendi ilikuwa iende ziara ya Ulaya, naye akajitoa dakika za mwisho akisema maandalizi hayaridhishi. Mpiga dramu Bill Andrews na mpiga besi Terry Butler wakaenda bila yeye, wakapandisha jukwaani wasaidizi wao wa ziara kushika gitaa na kuimba. Watu wa Ulaya wakalipa kuiona Death isiyo na Schuldiner. Alikasirika, akawafukuza, mambo yakafika kwa wanasheria. Sioni kwamba alikuwa na haki yote. Kuwaacha wenzako siku chache kabla ya safari ni jambo zito, na wao pia walikuwa na tumbo la kulisha. Hata meneja wake Eric Greif waligombana wakapatana, wakagombana tena. Alikuwa mtu mgumu kufanya naye kazi, na wanaomwandikia tenzi za sifa hulipitia jambo hilo kwa kunyata.

Lakini tazama ziara ile inasema nini kuhusu sauti. Kama mtu yeyote anaweza kusimama, akanguruma, na watu wakapiga kelele, basi mngurumo ni vazi, anaweza kulivaa yeyote. Nadhani fundisho hilo lilimchoma zaidi ya hasara ya fedha. Baada ya hapo hakuamini tena bendi ya kudumu. Aliajiri wapigaji kwa kila albamu, na aliwachagua wakali kumzidi. Kwa Human aliwachukua Paul Masvidal na Sean Reinert, vijana wa bendi ya Cynic waliokuwa wakisikiliza jazi, pamoja na Steve DiGiorgio kwenye besi. Mwaka 1993 akaja Gene Hoglan kwenye dramu na Andy LaRocque kwenye gitaa. Mtu mwenye wivu hafanyi hivyo. Alijizungushia watu ambao wangeifanya sauti yake ionekane ya kizamani, na ikaonekana.

Tangu utotoni aliwapenda Kiss, akaja kuwapenda Iron Maiden na Queensrÿche, bendi zenye waimbaji wanaoimba hasa. Katikati ya miaka ya tisini akaisimamisha Death na kuanzisha bendi nyingine, Control Denied, ambayo yeye angepiga gitaa tu. Aliyeimba katika albamu yake ni Tim Aymar, mwenye sauti safi na ya juu. Fikiria hapo. Mtu ambaye vijana wa nchi kumi na mbili walikuwa wanaharibu makoo yao ili wafanane naye alikuwa anatafuta mtu wa kumpokea maikrofoni. Ila jina la Death ndilo lililokuwa na soko. Ili mradi wake mpya upate njia, ikambidi atoe albamu moja zaidi ya Death, akarudi kulivaa koo lile. Ndiyo ile ya 1998. Nyimbo zake zina mwendo wa muziki mwingine, zimejaa nafasi pana ambazo mwimbaji wa sauti safi angezijaza, na badala yake zimejazwa na ukali. Albamu inafungwa na wimbo wa kuazima, Painkiller wa Judas Priest, na humo anapanda hadi anakaribia kuacha kunguruma kabisa. Wengi huuona ni mzaha wa mwisho wa kikao. Mimi nasikia mtu anajaribu mlango aone kama umefungwa.

Mwanzoni mwa 1999 shingo ilianza kumuuma. Alidhani ni mshipa uliobanwa, akaenda kwa wakandaji na wanyooshaji viungo. Picha za kichwa zilipopigwa zilionyesha uvimbe kwenye shina la ubongo, na majibu aliyapata tarehe 13 Mei, siku aliyotimiza miaka thelathini na miwili. Kuna waandishi wanaopenda kuurudia ule wimbo wa mashine za hospitali na kusema alijitabiria. Huo ni upuuzi, tena usio na adabu. Aliuandika akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu, kuhusu mtu wa kufikirika, na kama kila aliyewahi kuandika juu ya hospitali angeugua, tusingebaki na waandishi.

Jambo la maana kuhusu ugonjwa wake ni fedha. Huyu alikuwa na albamu saba za Death, ziara za mabara, picha za video zilizooneshwa MTV, na jina lililowekwa mwanzoni mwa kila historia ya muziki huu. Na alipougua, familia ililazimika kuomba michango. Upasuaji ulifanyika Januari 2000, madeni yakabaki. Uvimbe uliporudi mwaka 2001, hospitali haikuanza kazi mpaka fedha itafutwe. Bendi ndogo ziliandaa matamasha ya kuchangisha, na wakubwa wa roki kama Korn na Red Hot Chili Peppers walitoa vitu vyao vikapigwa mnada. Mama yake, Jane, akiwaandikia mashabiki habari za mwanawe, aliwasihi wakakate bima ya afya. Hiyo ndiyo picha ya uchumi wa muziki huu, na haijabadilika sana. Mwimbaji wa dethi metali anaweza kujulikana duniani kote na bado akawa fundi wa kipato cha mkono kwa mdomo. Chombo chake cha kazi kimo mwilini, hakina akiba wala pensheni, na mwili ukisimama kila kitu kinasimama.

Alifariki tarehe 13 Desemba 2001, akiwa na miaka thelathini na minne. Albamu ya kwanza ya Control Denied ilikuwa imetoka mwishoni mwa 1999. Ya pili alikuwa ameianza, ikabaki njiani.

Waliomjua nje ya jukwaa walimsimulia kama mtu wa bustani, wanyama na jiko, mpenda maisha asiyeona haya kusema anayapenda. Watu hushangazwa na hilo. Hawangeshangaa kama wangesoma maneno ya nyimbo zake baada ya 1990, ambamo kila hasira ni ya mtu anayeona kitu chema kinaharibiwa.

Ukitaka kumsikia alikotaka kufika, usianze na mayowe. Chukua The Sound of Perseverance, ruka moja kwa moja hadi wimbo wa sita. Unaitwa Voice of the Soul, Sauti ya Roho. Hauna dramu. Kuna gitaa la kawaida chini, na juu yake magitaa ya umeme yanaitikiana taratibu, kwa muda usiofika dakika nne. Hakuna anayeimba.